Maumivu ya siti: kabla hujanunua bukta yenye sponji nene, pima siti yako

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ununue bukta gani yenye sponji nene baada ya safari yako ya baiskeli ya Mwenge hadi Bagamoyo kukuacha huwezi kukaa, na kama kava la jeli la kuvalisha siti litasaidia. Barabara hiyo nimeiendesha kwa miaka, na kwenye kundi letu la Jumamosi mimi ndiye ninayewapangia wageni siti zao, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Kava achana nalo. Kuhusu bukta lazima tuzungumze kwanza, kwa sababu umetaja maumivu matatu tofauti ukayahesabu kama moja.

Umesema mifupa ya makalio inauma. Umesema mapaja yamechubuka kwa ndani. Na umesema kuanzia Bunju ulipata ganzi sehemu za mbele. Kila moja lina chanzo chake. Bukta nzuri huondoa michubuko, hupunguza maumivu ya mifupa, na kwa ganzi haifanyi lolote.

Hiyo ganzi usiizoee, hata kama wenzako wanakuambia ni kawaida ya mchezo. Inatokea pale uzito wa mwili unapoacha mifupa miwili ya kukalia na kuangukia msamba, ambako mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda sehemu za siri inapita. Mara nyingi pua ya siti imeinuliwa mno, au siti ni nyembamba kuliko mifupa yako, au iko juu kiasi kwamba kiuno kinayumba kushoto na kulia kutafuta pedali. Sasa ukiweka sponji nene laini juu ya siti ya namna hiyo, mifupa inazama ndani yake, na ile sponji ya katikati isiyokandamizwa inapanda na kubana msamba zaidi. Kava la jeli linafanya vivyo hivyo, tena linacheza huku na huku.

Kwa hiyo anza na kimo. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande. Ukishaweka unyayo mahali pake pa kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Kwa wapenda hesabu, pima urefu wa ndani wa mguu, kutoka msambani hadi sakafuni bila viatu, zidisha kwa 0.883. Ni kanuni iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Mwenye sentimita 82 atapata kama 72.4, na huo ndio umbali kutoka katikati ya ekseli kubwa inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya siti. Ichukue kama mahali pa kuanzia, kisha sikiliza magoti yako.

Halafu mlalo. Laza ubao mwembamba juu ya siti, weka pimamaji ya fundi au ile programu ya kwenye simu. Siti iwe sawa, au pua ishuke kidogo sana, digrii moja au mbili. Ukiishusha zaidi utateleza mbele siku nzima na viganja vitabeba mzigo ambao si wao.

Upana ndio watu wengi wanaouruka, na ndio unaotibu mifupa. Chukua kipande cha boksi gumu lenye mawimbi ndani, kiweke kwenye ngazi ya sementi, kikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, uiname mbele kama uko kwenye usukani na unyanyue visigino. Ukiondoka utaona au utapapasa vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, uongeze milimita 20 hadi 30, ndipo utakuwa karibu na upana wa siti inayokufaa. Wanawake kwa wastani wana mifupa iliyoachana zaidi, lakini nimeona wanaume wenye kipimo kikubwa kuliko dada zao, kwa hiyo usikisie, pima. Na usidanganywe na siti pana yenye springi ya baiskeli za Phoenix. Ile imetengenezwa kwa mtu aliyekaa wima, uzito wote ukishuka nyuma. Kwenye baiskeli yenye usukani ulioinama kama yako itakukwangua mapaja kabla hujafika Tegeta.

Sasa ngozi, na hapa ndipo bukta inapoonyesha kazi yake. Michubuko inaletwa na msuguano, jasho na bakteria, na joto la Dar lenye unyevunyevu linazidisha vyote vitatu. Ile sponji imeshonwa kwa kitambaa laini kinachovuta jasho, bila mshono pale ngozi inapokutana na siti. Ndiyo maana chini yake havaliwi kitu. Najua wengi mnaona vigumu, lakini ukivaa chupi ndani umerudisha mishono ileile uliyolipia kuikwepa, pamoja na pamba iliyoloa. Kama kinachokusumbua ni stara, vaa kaptura pana au suruali nyepesi juu. Kuna dada zetu kwenye kundi wanaovaa hivyo, wako huru kabisa na sponji inafanya kazi yake.

Ukiwa dukani bonyeza sponji kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ikikubali hadi vidole vinakaribia kugusana, itakufa baada ya saa moja ya safari, hata iwe nene kiasi gani. Unayotaka ni ngumu kiasi, inayorudi yenyewe, na iliyo nene zaidi pale mifupa inapokaa kuliko katikati. Unene wa sentimita moja hivi wa sponji imara unashinda sentimita mbili za sponji laini. Usiihukumu ukiwa umesimama mbele ya kioo, maana ukisimama itaning'inia kama nepi. Chuchumaa, inama, shika ukingo wa meza kana kwamba ni usukani. Hapo iwe imekaa palepale, bila mkunjo. Bukta inayopwaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu sponji inayotembea ndiyo inayochubua. Zile zenye mikanda ya mabegani ndizo ninazozipenda kwa safari ndefu: hazina mpira wa kiunoni wa kukata tumbo na sponji haishuki, ingawa kujisaidia njiani kunahitaji kuvua fulana. Dada anunue ya kike, kwa kuwa sponji yake ni pana nyuma na umbo lake la mbele ni tofauti.

Mtumba pia ni soko zuri, mimi napitia Karume nikipata nafasi. Lakini igeuze nje ndani kabla ya kuuliza bei. Angalia kama sponji imelala au imepasuka, kama kuna mshono unaopita katikati, na kama ukingo wake umeanza kuachia. Kisha vuta kitambaa cha makalio ukielekeza kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe zilizokatika au mwanga unapita wazi, mpira wake umekwisha na itapwaya. Iache hapo hata ikiwa ya kampuni kubwa.

Nunua mbili, ili moja iwe inakauka. Ifue kila baada ya safari, maji ya kawaida na sabuni ya kiasi, bila dawa ya kung'arisha, bila pasi. Ianike ikiwa imegeuzwa, penye upepo, na hakikisha sponji imekauka hadi ndani. Mafuta ya mgando yanasaidia pale ngozi inapokutana na ngozi, ila ni magumu kutoka kwenye kitambaa, kwa hiyo paka kidogo. Usithubutu kupaka dawa ya kuchua huko.

Njiani, nyanyuka kwenye pedali kila baada ya dakika kumi hivi. Barabara ya Bagamoyo inaumiza kuliko vilima vya Pugu kwa sababu kwa sehemu kubwa ni tambarare, na tambarare haikulazimishi kusimama. Matuta yote yasimamie, usiyapokee kwa makalio. Na ukifika, vua bukta kwanza ndipo uagize soda. Mimi nabeba kikoi kwenye begi kwa kazi hiyo tu.

Mifupa nayo inazoea, lakini kwa safari fupi za mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Kutoka kilomita 15 za jioni ukaruka hadi zaidi ya 50 ni mateso hata kwa siti sahihi.

Umetaja pia kuwa kuna kivimbe kimekuota unapokalia: usikikamue, usinyoe eneo hilo, na pumzisha baiskeli. Kikande kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kikikua, wekundu ukisambaa au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwenye kisukari asisubiri hata kufika hapo. Mwaka 1987 Sean Kelly, mwendesha baiskeli wa Ireland, alikuwa anaongoza Vuelta, mashindano makubwa ya baiskeli ya Hispania, zimebaki siku tatu, akajitoa kwa sababu ya jipu la siti. Alirudi 1988 akashinda. Kama yeye aliacha jezi ya uongozi, wewe unaweza kuacha Jumamosi mbili.

Upana wa siti uliyonayo huenda umeandikwa chini yake au kwenye reli, vile vyuma viwili vinavyoishikilia. Kama haupo, pima kwa rula sehemu ya nyuma iliyo pana zaidi. Niandikie hapo chini namba hiyo, kipimo cha vishimo vya boksi na urefu wa ndani wa mguu wako, nikuambie kama siti ibadilishwe au isogezwe tu. Hela ya bukta ishikilie kwanza.