Breka Ikikata, Usikimbilie Kununua Kubwa Zaidi

Wateja wengi hunipigia simu na ombi lile lile: "Fundi, njoo na breka kubwa, hii yangu inakata-kata." Breka ni ile swichi ya kwenye boksi la umeme inayojizima yenyewe kukiwa na hitilafu. Ninaenda, ila breka kubwa siibebi. Kabla ya kufungua boksi ninauliza kwanza: inakata papo hapo ukiwasha, au baada ya muda?

Jibu linanipa nusu ya kazi, kwa sababu ndani ya breka mna vitu viwili vinavyoweza kuifyatua. Kimoja ni kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikanishwa. Mzigo, yaani vifaa vilivyowashwa kwa pamoja, ukizidi kinapata joto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda na kuifyatua breka. Hapo muda unapita. Kingine ni koili: shoti ikipiga, umeme unapanda ghafla, koili inakuwa sumaku kali na kukata kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana ya maandishi yale usoni mwa breka, kama C20. C20 ni breka ya ampea 20 (ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita), na C inakueleza kwamba koili hufyatua umeme ukifika kati ya mara 5 na mara 10 ya hizo, yaani ampea 100 hadi 200.

Kwa hiyo ikikata papo hapo, chomoa kila kitu, pandisha breka, kisha chomeka kimoja kimoja. Ikikataa kupanda hata soketi zikiwa tupu, iache chini uite fundi. Ikikata baada ya dakika kadhaa, shaka ya kwanza ni mzigo. Ila mwambie fundi akague na skrubu za breka, maana iliyolegea huzalisha joto na breka hukata bila kosa la mtu.

Kuna nyumba niliitiwa Tabata, mama akisikia harufu ya plastiki jikoni. Mtu alishatoa breka ya 20 akaweka ya 32, waya ukabaki ule ule wa unene wa milimita za mraba 2.5. Nilipofungua soketi, ganda la waya lilikuwa limegeuka kahawia, ukiligusa linamong'onyoka. Tukapiga hesabu pamoja: birika wati 2,200, jiko 2,000, pasi 2,400. Jumla 6,600, gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 29. Breka ya 20 ingevumilia kidogo kisha ikakata. Ya 32 haikuona tatizo lolote, huku waya ukiungua ndani ya ukuta. Breka inawekwa kulinda waya huo, na ukubwa wake unafuata waya, si hamu yetu ya kuwasha vyote kwa pamoja. Nilivuta waya mpya wa soketi, nikairudisha breka ya 20, na jiko nikalipa laini yake peke yake.

Wengine hukishikilia kishikio kwa tepu kisishuke. Haisaidii, kwani breka hufyatuka ndani hata kishikio kikiwa juu.

Na ukishika waya ulio wazi, usiitegemee breka. Umeme mdogo sana kuliko ampea 20 unatosha kuua mtu. Kazi hiyo ni ya kifaa kingine, kile chenye kitufe cha kujaribia, kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kama boksi lako halina, mwambie fundi akufungie, na ukibonyeze kitufe hicho mara kwa mara uone kama kinakata.