Muda si kigeu huru kila mara

Dada, binti yako alifunga jiwe kwenye uzi, akabadilisha urefu wa uzi, akapima sekunde za kubembea, kisha akaandika kuwa muda ndio kigeu huru, yaani kile ambacho mwenye jaribio hukichagua au hukibadilisha mwenyewe. Amekosea, ila nadhani najua kosa limetoka wapi. Katika jaribio la kuchemsha maji, ambapo joto husomwa kila dakika, muda kweli ni kigeu huru, kwa sababu mwanafunzi ndiye anayechagua lini asome kipimajoto. Basi akakariri kuwa muda ni huru kila mara.

Mwulize hivi: namba gani uliijua kabla jiwe halijaanza kubembea? Uzi wa sentimita 25 au 100 aliukata mwenyewe kwa rula. Hicho ndicho kigeu huru. Sekunde alilazimika kuzisubiri. Hizo ni kigeu tegemezi, yaani matokeo yanayopimwa. Mwambie ahesabu mibembeo 10 ya kwenda na kurudi, maana mmoja ni mfupi mno kwa kidole kinachobonyeza saa. Uzi wa 25 utampa kama sekunde 10, wa 100 kama 20.

Vinavyobaki vilevile ndivyo watoto husahau: jiwe lilelile, na pembe ndogo ileile ya kuliachia. Atakuambia uzito haubadilishi muda, na ni kweli, lakini jiwe kubwa husogeza kitovu chake, yaani katikati ya jiwe, chini, na urefu hupimwa kutoka fundo la juu hadi kitovu hicho. Atakuwa amebadilisha urefu bila kujua.