Mawe ya njia ya machozi: kwa nini matone pekee hayatoshi

Dada, pole na mama. Umesema ni jicho moja, tongotongo miezi minne, matone yamebadilishwa mara tatu, na sasa mnaambiwa ni mawe. Inawezekana kabisa.

Machozi hutoka jichoni kupitia vitundu viwili vidogo kwenye pembe ya ndani, kimoja kope ya juu, kingine ya chini. Hupita kwenye vijia vyembamba hadi kifuko kando ya pua, kisha puani (ndiyo maana ukilia makamasi hutoka). Mawe yanayokaa kwenye vijia si kama ya figo: ni punje laini za manjano, mara nyingi makazi ya bakteria waitwao aktinomaisesi. Wamejificha ndani ya punje, dawa haiwafikii. Matone hutuliza wiki moja, halafu usaha unarudi, na watu wanaendelea kuita „macho mekundu“.

Tiba ni kuzitoa. Daktari wa macho hupiga ganzi, hupanua kitundu, hukamua au kukwangua punje zote, kisha ndipo antibayotiki inafanya kazi. Ikibaki punje moja, tatizo linaweza kurudi. Jiwe likiwa ndani ya kifuko, kwa kawaida hufanywa upasuaji wa kufungua njia mpya ya kwenda puani.

Msikamue wenyewe nyumbani. Pembe ya jicho ikivimba, ikauma na homa ikaja, nendeni hospitali siku hiyohiyo.