Florence: mji na binti ni ndugu

Mmeuliza wiki hii: Florence ni jina la mji ambalo wasichana walipewa, au ni la msichana ambalo mji ulipewa? Mimi nasema si hivyo wala si vile. Mji na binti ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni neno la Kilatini la kuchanua na kustawi. Warumi waliuita Florentia mji walioujenga kando ya mto Arno, mwaka 59 kabla ya Kristo kama inavyosimuliwa. Wakawa pia na wanaume walioitwa Florentius na wanawake walioitwa Florentia, ambao hawakuhitaji kufika Arno ili waitwe hivyo. Anayebisha awaulize Waitalia: mji wao leo ni Firenze, binti ni Fiorenza. Ni sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaoona jina moja.

Wala halikuwa la wanawake tu. Ireland, miaka ya 1600, kulikuwa na mwanamume mkubwa wa ukoo, Florence MacCarthy, ambaye Waingereza walimfunga London.

Yupo lakini Florence aliyepewa jina na mji wenyewe: muuguzi Florence Nightingale, aliyezaliwa huko tarehe 12 Mei 1820 wazazi wake Waingereza wakiwa safarini. Dada yake alizaliwa Naples mwaka uliotangulia, akaitwa Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji huo. (Maskini, yeye hakupata wajina wengi!) Sifa za Florence zilipovuma kutoka vita vya Crimea, Waingereza wakawaita watoto wao kwa jina lake. Walimwiga muuguzi, mji haukuwa akilini mwao.

Na akina mama Florence wa hapa Lubumbashi, wa mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya? Hao nadhani jina lao limepitia kanisani na kwenye kalenda ya Kifaransa, ambamo Florence ana siku yake, tarehe 1 Desemba. Sijakutana na mzazi wa huku aliyemwita mtoto hivyo kwa kuuwaza mji wa Italia.

Mji wetu ndio uliokwenda njia ile nyingine. Wabelgiji walipouanzisha mwaka 1910 waliuita Élisabethville, kwa heshima ya Malkia Elisabeth, mke wa Albert wa Kwanza. Hapo mtu alitangulia, mji ukafuata. Mwaka 1966 Mobutu akauondolea jina hilo, ukabaki na la mto wake, Lubumbashi. Miaka michache baadaye, 1972, ikaja zamu ya watu: majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, akina Florence na akina Elisabeth wakaandikishwa kwa majina ya mababu. Marufuku hayo yalipolegea, Elisabeth wa watu alirudi kwenye vitambulisho, wa mji hakurudi, ingawa wazee wengine bado wanasema E'ville.

Msomaji wenu, Lubumbashi