Maswali ya Wasomaji: Katiba ya Marekani Ilitokana na Nini?

Marekani ilitangaza uhuru mwaka 1776, lakini Katiba yake iliandikwa 1787. Katikati hapo nchi iliendeshwaje?

Iliendeshwa na Kongresi ya makoloni, na kuanzia Machi 1781 kwa Mkataba wa Shirikisho. Ukitaka kuielewa Katiba ya leo, anzia kwenye mkataba huo, maana vifungu vingi viliwekwa kuziba nyufa zake.

Chini ya mkataba kulikuwa na Kongresi yenye baraza moja, kila jimbo na kura moja. Hapakuwa na rais mtendaji wala mfumo wa mahakama za taifa. Mambo mazito yalihitaji majimbo 9 kati ya 13, na kubadili mkataba wenyewe kulihitaji yote 13. Baya kuliko yote, Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliyaomba majimbo fedha, nayo yalitoa kidogo au hayakutoa kabisa. Mwaka 1781 ilipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia nchini ili ilipe madeni ya vita. Rhode Island ilikataa, na kwa kuwa ridhaa ya wote ilihitajika, jimbo hilo dogo likaukwamisha mpango mzima.

Mwaka 1786 wakulima wa magharibi ya Massachusetts, waliolemewa na madeni na kodi, walianza kuzuia mahakama zisifanye kazi. Daniel Shays alikuwa miongoni mwa viongozi wao, na Januari 1787 walijaribu kuiteka ghala ya silaha ya Springfield. Kongresi haikuwa na fedha za kuweka jeshi uwanjani. Kikosi kilichowazima kiligharamiwa na wafanyabiashara kutoka mifukoni mwao.

Mei mwaka huohuo wajumbe walianza kikao Philadelphia. Walihudhuria 55 kutoka majimbo 12; Rhode Island haikutuma mtu. Walikuwa wametumwa kurekebisha mkataba, lakini wakaandika Katiba mpya, iliyotiwa saini na wajumbe 39 tarehe 17 Septemba. Waliandika pia kwamba ingeanza kutumika ikiridhiwa na majimbo 9. Hawakutaka tena jimbo moja liwafungie wengine njia.

Kwa nini Wyoming ina maseneta wawili sawa na California, wakati watu wake ni wachache mno?

Kwa sababu mkutano wa Philadelphia nusura uvunjike juu ya jambo hilo. Virginia ilitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu. New Jersey na majimbo mengine madogo yakataka usawa. Tarehe 16 Julai 1787 yalipita maafikiano kwa kura za majimbo 5 dhidi ya 4, wajumbe wa Massachusetts wakiwa wamegawanyika: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti iwe na usawa. Kifungu cha 5 kikaongeza kinga: jimbo haliwezi kupunguziwa usawa huo katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe.

Jambo linaloachwa nje mara nyingi ni hesabu yenyewe ya watu. Watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, ingawa hawakuwa na kura. Hivyo wenye watumwa walijiongezea viti bungeni, na kura za kumchagua rais, kwa migongo ya watu waliowanyima kila haki. Hii ni dhuluma iliyoandikwa ndani ya msingi wa nchi, na haifai kupitwa kimyakimya.

Rais akikataa mswada, ndio umekufa?

Si lazima. Mswada ukipita mabaraza yote mawili kwa maneno yaleyale, rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akitia saini, ni sheria. Akiurudisha na sababu zake, kila baraza linaweza kuupitisha upya kwa theluthi mbili ya wanaopiga kura. Wengi hukosea hapa kwa kujumlisha kura za mabaraza yote pamoja. Wakipiga kura wote, zinatakiwa 290 kati ya 435 kwa wawakilishi na 67 kati ya 100 kwa maseneta, kila upande peke yake. Akinyamaza Kongresi ikiwa kikaoni, mswada unakuwa sheria bila saini. Akinyamaza na Kongresi ikawa imeahirishwa hata haiwezi kurudishiwa mswada, hapo ndipo unakufa, na haukatiwi rufaa kwa kura.

Uhuru wa kusema na wa dini ulikuwemo tangu mwanzo?

Haukuwemo. Ulitokana na madai ya waliohofia serikali kuu yenye nguvu. Kongresi ilipeleka marekebisho 12 mwaka 1789, na 10 yakaridhiwa kufikia Desemba 1791. Yaliibana serikali kuu tu. Mahakama ya Juu ilisema hivyo wazi mwaka 1833. Majimbo yalikuja kubanwa nayo baada ya Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, tena haki moja baada ya nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mahakama iliifanya karne ya 20.