Kiwango cha B kiko chini lakini ALT inapanda: ulizia delta

Dada wa Koboko, umeuliza inakuwaje kiwango chako cha virusi vya homa ya ini B kiwe chini kabisa, dawa unameza kila siku, na bado ALT, kile kimeng'enya cha ini kinachopanda kwenye damu ini likiumia, ipande kila ukipimwa. Umeuliza pia kama mumeo yuko hatarini. Mimi naishi na B hapa Arua, Uganda, na hilo la kwanza lilinisumbua muda mrefu kabla sijasikia habari za delta.

Delta, yaani homa ya ini D, inaletwa na kirusi kidogo mno kisichoweza kuenea peke yake. Kinaazima koti la B, yaani ile protini ya HBsAg inayotafutwa kwenye kipimo cha kwanza cha B, ndipo kiweze kuingia seli nyingine. Asiye na B hapati delta. Mario Rizzetto na wenzake waliigundua Turin, Italia, mwaka 1977, kwa wagonjwa wa B. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 5 ya watu wenye B sugu wanayo.

Kinachowapoteza wengi ni hiki: delta ikishakaa kwenye ini, mara nyingi humkandamiza B. Karatasi ya B inarudi nzuri, daktari anafurahi, nawe unaambiwa uende nyumbani, huku ini linaendelea kuliwa. Mimi ALT yangu ilisingiziwa malaria, kisha miti shamba, kisha pombe, na pombe sijawahi kuionja maishani. Wewe unajua mwili wako umechoka, lakini karatasi inakukana. Inaumiza sana.

Aliyenisaidia ni daktari kijana aliyeweka majibu yote mezani, ya zamani na mapya, akaniuliza kama nimewahi kupimwa delta. Kwanza walitafuta kingamwili za delta, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana nayo. Zilipoonekana, damu ikapelekwa Kampala kutafuta kirusi chenyewe, kwa sababu kingamwili hubaki hata kwa mtu aliyekwisha kupona. Kirusi kilikuwepo.

Tenofovir, dawa ya B unayomeza, inamzuia B tu, delta haiigusi. Lakini usiiache hata siku moja kwa hasira! Ukiikatisha, B anaweza kuamka kwa nguvu na kuliangusha ini lililokwisha kudhoofika.

Watu wazima wanaopata B na delta kwa mpigo, wengi wao hupona zote mbili. Sisi tuliokuwa na B tayari, delta ikatukuta baadaye, wengi hubaki nayo, na njia ya kufika kwenye makovu ya ini na saratani inakuwa fupi zaidi. Ndiyo maana napigwa picha ya ini kila miezi 6 na sikosi. Tiba ipo: sindano za interferoni za kila wiki, kwa wiki 48 au zaidi. Ni nzito, zinaleta homa na huzuni, na haziwafai wote, hasa mwenye ini lililoharibika sana. Bulevirtide, dawa nyingine ya delta, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ila sijakutana nayo katika hospitali yoyote niliyotibiwa, na hilo linaniuma.

Ukikutana na mtu anayekuambia kipimo hiki hakina haja, mwambie mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unapendelea kila mwenye HBsAg apimwe delta. Pale vipimo vinapokuwa haba, unataja wa kutangulizwa, na miongoni mwao ni mwenye B ya chini na ALT ya juu. Hapo umetajwa wewe kabisa, dada yangu.

Mumeo apimwe HBsAg wiki hii. Kama ni mtu mzima, huenda hakuchanjwa utotoni, maana watoto wachanga wa Uganda walianza kupata chanjo ya B mwaka 2002. Asipokuwa na B, achanjwe dozi zote 3: ya leo, ya mwezi mmoja baadaye na ya mwezi wa 6. Chanjo hiyo ya B inamkinga na delta pia. Akiwa na B tayari, chanjo haitamsaidia. Mtumie kondomu, wembe kila mtu awe na wake, naye apimwe delta kama wewe. Kula sahani moja hakuna tatizo, wala msikubali mama mkwe awatengee vyombo.

Ukienda kliniki, beba majibu ya zamani yote. Majibu ya kingamwili yakitoka, yaandike hapa hapa, nitakuambia mimi niliuliza nini baada ya hapo.