Kabla hujawakabidhi watu wa klaudi data ya kampuni

Wadogo zangu mnaoanza kazi za IT kwenye kampuni za watu, hili swali bosi atakuuliza mapema tu, tuwape watu wa nje data zetu, yaani kampuni za klaudi zinazokodisha seva zao kwa njia ya mtandao, au tununue seva yetu, kompyuta ya kutunzia data, ikae hapahapa ofisini? Mimi nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu haraka kwamba nje sio salama, ibaki ndani tuwe tunaiona kwa macho. Nilikosea sana. Ile seva tuliiweka stoo pembeni ya maboksi ya karatasi, AC mbovu, umeme ukikatika UPS, ile betri ya dharura, inavumilia dakika kumi basi, na siku diski ilipokufa bakapu, yaani nakala ya akiba, nayo ilikuwa diski ya pili humohumo ndani ya mashine, zote zikaenda, mauzo ya miezi minne yakapotea na mhasibu ikabidi aingize risiti mojamoja kwa mkono, mama wa watu analia pale mezani. Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo siwaambii muwaogope watu wa nje. Wana majenereta, walinzi, mafundi wa zamu ya usiku, vitu ambavyo duka la jumla la Kariakoo haliwezi kuvilipia. Wapeni kazi, ila nakala yenu moja isikae kwao.

Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengi ndo siku hiyo wakajua kumbe bakapu hawakuwahi kuilipia, walidhani ukishakodi seva na bakapu imo. Waliotengeneza gemu la Rust walitangaza kwamba data za seva zao zilizoungua hazirudi. Halafu angalia UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, Mei 2024 kosa la mipangilio upande wa Google, waliokuwa wanatumia klaudi yake, likafuta mfumo wao, wanachama zaidi ya laki 6 wakakaa kama wiki nzima hawaingii kwenye akaunti zao, na moja ya vitu vilivyowasaidia kurudi ni bakapu waliyokuwa wameiweka kwa kampuni nyingine kabisa. Google hao, sio fundi wa kichochoroni.

Kingine ambacho vijana wengi hamkiangalii ni akaunti kuu imefunguliwa kwa imeili ya nani. Nimewahi kukuta biashara inaendeshwa vizuri tu, kumbe kila kitu kiko kwenye imeili binafsi ya kijana aliyewatengenezea mfumo, kijana kahama mkoa, namba haipatikani, bili imefika na hakuna anayeweza kuingia kulipa, tulihangaika wiki 3. Akaunti iwe kwa jina la kampuni, simu ya kuthibitisha iwe ya kampuni, na paswedi ya bakapu isiwe ileile ya mfumo, maana kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa inatunza kazi za waandika programu, mwaka 2014 mwizi aliingia kwenye paneli yao ya klaudi ya Amazon, pale wanapoendeshea kila kitu, akafuta data na bakapu kwa pamoja na kampuni ikafa.

Intaneti nayo, mnakumbuka Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilivyokatika baharini? Data inaweza kuwa salama kabisa huko iliko na wewe dukani huwezi kumuuzia mteja. Tafuta programu ya mauzo inayoendelea kufanya kazi bila mtandao, itume baadaye.

Na usidhani ukimpa mtu wa nje na lawama umempa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania iliyoanza kutumika Mei 2023 bado inakutambua wewe uliyechukua majina na namba za wateja. Kwenye mkataba uliza data inakaa nchi gani na siku mkiachana unaitoaje, kwa muda gani, kwa bei gani, na majibu yawe kwa maandishi.

Mimi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nachukua bakapu, nairudisha kwenye kompyuta nyingine tupu, namuita mhasibu afungue ankara ya juzi. Isipofunguka siondoki ofisini.